Pimeni mkojo wa wachoma dhahabu: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Madini

Waheshimiwa Mawaziri,

Salaam. Mimi ni tabibu wa zahanati mkoani Geita, katika eneo ambalo ukiacha barabara kuu unayasikia makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kabla hujayaona. Wagonjwa wangu wengi ni wachimbaji wadogo, wake zao, watoto wao, na mama lishe wanaowapikia. Ombi langu ni moja. Watu hawa wapimwe zebaki mwilini, kwa utaratibu wa kudumu unaoanzia zahanati, na majibu ya vipimo yarudi kwao wenyewe.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Mpango kazi wa taifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo upo. Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya dhahabu, na mchimbaji anauza mali yake kwa mizani inayoonekana. Tunajua gramu za dhahabu zinazopita sokoni kila siku. Zebaki iliyomo kwenye figo za aliyeichoma dhahabu hiyo hakuna anayeijua, hata mwenyewe.

Niruhusuni nieleze kinachofanyika, maana wageni wakija machimboni huonyeshwa duara, yaani shimo la kuchimbia, na kamba, wakaondoka wakiamini hatari yote iko chini ya ardhi. Jiwe likishapanda juu hupondwa, husagwa kwenye karasha, na unga wake hupitishwa kwa maji mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu. Mchanga mzito unaonaswa huoshwa kwenye beseni, na humo ndimo humiminwa zebaki kutoka kwenye kichupa, ikakorogwa kwa mkono mtupu mpaka ishikane na chembe za dhahabu. Baada ya hapo hukamuliwa kwenye kitambaa, kikabaki kidonge cheupe kinachong'aa. Kidonge hicho huchomwa. Nimeona kikichomwa kwenye kifuniko cha kopo, juu ya jiko la mkaa lililotoka kupika ugali, mchomaji ameinama karibu kabisa akikigeuza kwa kijiti, akisubiri weupe uishe njano itokee. Zebaki iliyokuwemo huondoka kama mvuke usio na rangi wala harufu. Hakuna anayekohoa, hakuna anayefikicha macho. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekaa upande ule upepo ulikokuwa unaelekea, anasubiri mgao wake.

Wachimbaji huniambia, "Dokta, zebaki nimeishika miaka yote na mbona sijafa?" Kwa upande mmoja wana haki. Zebaki ya maji hata ukiimeza, karibu yote hupita tumboni ikatoka. Mvuke wake ndio wenye balaa: takriban asilimia 80 ya unaovutwa puani huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, kisha sehemu kubwa hujikusanya kwenye figo. Dalili huja polepole. Usingizi unapotea, mate yanajaa mdomoni, hasira zinakuwa karibu, kumbukumbu inapungua, mikono inaanza kutetemeka. Mtu aliyekuwa akiandika vizuri hati yake inaharibika.

Dalili hizo ndizo ninazoziona mezani kwangu. Mtu anakuja analalamika kichwa na kukosa usingizi, mkewe anasema siku hizi amekuwa mkali bila sababu. Nampima malaria, hana. Namwomba asaini fomu, kalamu inacheza vidoleni. Namuuliza kazi yake, anasema anachoma. Kuanzia hapo sina la kufanya zaidi ya kumshauri aache, kwa sababu sina kipimo cha kumwonyesha, wala sina mahali pa kupeleka sampuli yake nikapata jibu kabla hajahamia rashi nyingine, yaani eneo jipya lililotoa dhahabu. Daftarini nabaki kuandika maumivu ya kichwa. Jioni ndugu zake wanampeleka kwa mganga, na huko wanapata jibu lenye jina la jirani ndani yake. Waheshimiwa, ugonjwa usiopimwa huku kwetu haukosi maelezo, na maelezo hayo yanavunja familia.

Kupima kunawezekana, na kulishafanyika hapa hapa Geita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioratibiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, wataalamu walikwenda Rwamagasa wakapima damu, mkojo na nywele za watu 180 wa eneo la machimbo, wakawalinganisha na watu wa Katoro wasioguswa na zebaki ya machimbo. Vifaa vingine walivyotumia vilikuwa vya kawaida kabisa. Mtu aliwekewa vijiti vya kiberiti mezani, akaambiwa avirudishe kwenye kiboksi haraka awezavyo huku saa ikihesabu sekunde. Akapewa penseli agonge karatasi mara nyingi awezavyo kwa muda mfupi. Akaambiwa achore mstari ulionyooka. Mkono uliolewa zebaki hauwezi kuficha kitu mbele ya vijiti vya kiberiti. Walipounganisha majaribio hayo na majibu ya maabara, takriban mchomaji mmoja kati ya kila wanne alikutwa na sumu sugu ya zebaki. Mtoto aliyezaliwa Rwamagasa miaka ile leo ni mtu mzima, na huenda anachoma. Ni nani aliyempima?

Kipimo kina faida nyingine ambayo nadhani ndiyo kubwa kuliko zote: kinatuzuia kukisia. Katika miaka ya 1990, Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Akagi wa Japani walipima samaki wa Ziwa Victoria, na kwa sehemu kubwa wakakuta zebaki kidogo, tofauti na hofu iliyokuwepo. Mwishoni mwa miaka hiyo Dkt. Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyewahudumia karibu maisha yake yote wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata, mji uliotoa jina la mkataba ule, alikuja na wenzake kupima nywele za watu wa Kanda ya Ziwa. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi mno hawakuwahi kukanyaga machimboni. Walikuwa wakioga kwa sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Bila kipimo, sangara angesingiziwa, sabuni ingebaki dukani, na mchomaji aliyeinama juu ya kopo lake angeendelea bila mtu kumtazama.

Ndiyo maana naomba tupime kitu sahihi kwa mtu sahihi. Nywele ni nzuri kwa kujua zebaki inayotokana na samaki, lakini kwa mchomaji zinaweza kudanganya, kwa kuwa mvuke hushika nywele kutoka nje. Damu inaonyesha zaidi yaliyompata mtu siku za karibuni. Kwa anayevuta mvuke, kipimo chenyewe ni mkojo. Uchukuliwe asubuhi, zahanati, baada ya mtu kunawa na kubadili nguo, kwa sababu vumbi la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, likidondoka kwenye kopo jibu linaharibika. Maabara ipime pia kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani, ili aliyekunywa maji mengi na aliyeshinda juani bila maji walinganishwe kwa haki. Viwango vya kulinganishia vipo. Wajerumani, kwa mfano, wameweka mipaka miwili: chini ya maikrogramu 5 za zebaki kwa kila gramu ya kreatinini hakuna la kuhofia, na zikizidi 20 mtu aondolewe kwenye mvuke na atafutiwe matibabu. Hapo katikati apimwe tena, na chanzo kitafutwe. Mipaka hiyo miwili naweza kumweleza mchimbaji yeyote tukiwa tumekaa kwenye benchi, na akanielewa.

Kuna jambo la muda ambalo naomba mlisome taratibu. Zebaki ya mvuke hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya miezi miwili hivi. Aliyeacha kuchoma mwaka jana anaweza leo kuwa na mkojo usioonyesha kitu huku mikono yake bado inatetemeka. Kwa hiyo tukisubiri mtu augue ndipo tumpeleke mjini kupimwa, na safari ikachukua miezi, ushahidi utakuwa umeshatoka mwilini na madhara yamebaki. Hatakuwa na cha kuonyesha popote, iwe kwa daktari bingwa au kwenye mfuko wa fidia. Utafiti wa mara moja kila baada ya miaka kumi nao hautoshi, kwa sababu machimboni watu huhama. Ikisikika dhahabu imetoka mahali, kijiji kizima kinahamia huko ndani ya wiki. Utaratibu lazima ukae mahali wanapopita wote, na mahali hapo ni zahanati.

Kwa wajawazito njia imeshaoneshwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya na Tiba Bugando, Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Calgary, Kanada, walifuatilia mamia ya wajawazito katika maeneo ya machimbo na yasiyo ya machimbo ya Kanda ya Ziwa. Zebaki waliipima kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, na aseniki, sumu nyingine inayopatikana kwenye mawe, kwa mkojo. Akina mama wa machimboni walikuwa na zebaki na aseniki zaidi ya wenzao. Karatasi ya matone ya damu si kitu kigeni kwetu. Ndiyo tunayotumia kuwapima VVU watoto wachanga, na usafiri wake kutoka zahanati hadi maabara kubwa umeshazoeleka. Mama anayekuja kliniki ameshatobolewa kidole kwa ajili ya vipimo vingine. Matone machache zaidi kwenye karatasi, pamoja na swali moja kwenye kadi yake kuhusu kazi anayofanya na mahali dhahabu inapochomewa nyumbani kwao, hayamwongezei maumivu yoyote.

Na aseniki nimeitaja kwa makusudi. Mawe yetu hayana dhahabu peke yake. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi yalisagwa majumbani na vumbi likatua kwenye nyua walizochezea. Degedege lao lilidhaniwa malaria mpaka damu ilipopimwa. Karibu na kwetu, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu waliweza kusimama mahakamani kwa sababu damu ya watoto wao ilikuwa imepimwa risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Phyllis Omido, aliyeanzisha harakati hizo, aliamka baada ya mwanawe mwenyewe kupimwa. Sisemi Geita ni Zamfara, maana mawe hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba. Nasema karasha likiwekwa uani kwa mtu, pawe na mtu wa kuupima unga wake.

Mheshimiwa Waziri wa Madini, kuna sehemu moja ambayo watu hawaitazami kabisa: chumba cha mnunuzi. Dhahabu iliyochomwa mwaloni bado huwa na zebaki ndani yake. Mnunuzi huiyeyusha tena kwa gesi kabla ya kuipima, mara nyingi katika chumba kidogo chenye feni, na mvuke hutokea dirishani kwenda kwa fundi cherehani wa jirani na muuza chipsi. Kijana anayeyeyusha pale tangu asubuhi mpaka jioni hajioni kuwa mchimbaji, na hata kampeni za zebaki humpita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hewa wanayovuta watu isizidi maikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Vipo vifaa vya kubeba mkononi vinavyosoma mvuke huo papo hapo. Naomba kila ofisi ya madini yenye soko iwe na kimoja, na kisomwe sokoni, dukani na mwaloni mara kwa mara, namba zibandikwe ubaoni pale pale bei ya dhahabu inapobandikwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kazi, akiwa kazini na anapoacha. Kwenye migodi mikubwa jambo hilo lina mwenyewe wa kuulizwa. Kwenye duara, mwajiri ni nani? Mwenye leseni yupo, mwenye duara yupo, mwenye karasha yupo, na kijana analipwa kwa mifuko ya mawe. Kila mmoja atakuonyesha mwingine. Nisingependa tubaki kusubiri swali hilo limalizike ndipo mkojo upimwe. Kwa hawa Serikali ichukue nafasi ya mwajiri, angalau kwenye kipimo. Mkataba tulioridhia unatupa msingi, kwa kuwa unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo ziwe na mkakati wa afya ya jamii unaojumuisha kukusanya takwimu za afya, kuwafundisha watumishi wa afya, na kuwalinda watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Sasa hofu. Wachimbaji wanaogopa kupimwa, na hofu yao ina sababu. Wanahisi majibu mabaya yatafunga mwalo wao, na mwalo ukifungwa watahamia porini wakachomee humo, ambako mimi siwezi kuwafikia. Tena wameshachoka kutoa sampuli. Katika eneo ninalofanyia kazi walishakuja wageni na masanduku yao, wakakusanya mkojo, wakatoa sabuni za kufulia kama asante, wakaondoka, na mpaka leo kuna wazee wanaoniuliza, "Dokta, yale majibu yetu yalikwenda wapi?" Sikuwa na la kuwajibu. Naomba kanuni iandikwe wazi kwamba jibu la mtu ni mali yake, asomewe na mhudumu anayemfahamu, kwa Kiswahili au Kisukuma, na lisitumike kumfukuza kazi wala kufunga sehemu. Kinachokwenda juu kwenu kiwe jumla: eneo gani, kazi gani, viwango gani.

Jibu likipatikana, liwe na kitu cha kushika. Retoti, kile chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea mvuke, hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki ikishatumiwa vizuri. Wachimbaji wengi wameshaonyeshwa, na wengi wameiacha. Wanasema inachelewesha, na kwamba dhahabu ikifungiwa ndani hawaioni, kwa hiyo wanashuku itaibwa. Mahubiri hayajawashawishi. Naamini namba itawashawishi. Mpime mtu mkojo, mpe retoti, mpime tena baada ya miezi minne. Kama alikuwa na maikrogramu 60 akashuka hadi 20, hatahitaji semina, na wenzake wa karashani watamsikiliza yeye kabla ya kunisikiliza mimi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, hakuna haja ya kuanza nchi nzima. Chagueni zahanati chache za machimboni Geita, Mara, Shinyanga na Chunya. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, iwezeshwe kusoma zebaki na aseniki kwenye mkojo, na risasi kwenye damu, majibu yarudi ndani ya wiki chache. Tufundisheni sisi matabibu na wauguzi yale majaribio ya kiberiti na penseli, kwa kuwa hayahitaji umeme. Daftari la wagonjwa wa nje limuulize mgonjwa kazi yake. Hilo la mwisho linaweza kuanza hata kesho, kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza Aprili. Nitazisoma hotuba zenu zote mbili kutafuta fungu la kupima watu, na nikilikuta, wahudumu wenzangu na wachimbaji walioniomba niandike barua hii wako tayari kwa awamu ya kwanza. Chumba tunacho, mizani tunayo, watu tunawafahamu kwa majina. Tunachokosa ni makopo safi ya sampuli, gari la kuyafikisha Mwanza, na barua ya kuturuhusu kuanza.

Wenu mtiifu,
Tabibu wa zahanati, Mkoa wa Geita